Kuiga na Kubuni katika Picha za Dar es Salaam

Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu alirudi shuleni kutuamkia, naye alitubebea zawadi. Ilikuwa picha ya tausi, iliyopakwa kwa rangi ya kung'aa juu ya kitambaa cha pamba kilichowambwa katika kiunzi cha mti. Kijana huyo hakufaulu mtihani wake wa mwisho. Alikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake, akajifunza kuchora miongoni mwa mafundi wa Oyster Bay, na kwa kazi hiyo anapata riziki yake. Walimu tulikutana kuamua kama picha itundikwe ukumbini. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu wa elimu na nia njema, aliposema, "Hii si sanaa. Tausi huyu huyu nimemwona katika vibanda kumi. Tunawaadhibu watoto wakitazamiana katika mtihani, kisha tutundike ukutani kazi ya kutazamiana?" Neno lake likashinda. Picha iliwekwa stoo, nami nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Makala haya ni jibu nililolikosa siku ile. Nayaandika kwa ajili ya walimu na mapadre wasomao kurasa hizi, maana nimeona ya kuwa ugomvi huu umo katika maneno kabla haujawamo katika picha. Na katika mambo ya maneno sisi hatuna udhuru.

Kwanza yafaa tukumbuke asili ya kazi yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika miaka ya 1930. Alikuja Dar es Salaam kama vijana wengi wa kusini walivyokuja, kutafuta kazi, akafanya kazi mbalimbali za mkono. Mwaka 1968 alianza kuchora picha na kuziuza. Hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi za dukani za wasomi wa sanaa. Alichukua vipande vya mbao laini za dari, vingi vikiwa mraba wa kadiri ya sentimeta 60 kila upande, akapaka rangi ile ile ipakwayo baiskeli. Picha ziliuzwa karibu na duka la Morogoro Stores, mahali walipopita wageni wakaao Oyster Bay na Msasani. Mara nyingi alichora mnyama mmoja au ndege mmoja, akaujaza ubao wote, na nyuma yake akaacha rangi moja tupu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mwizi, akafa. Hivyo kazi yake yote ni ya miaka kama minne tu.

Walakini kabla hajafa alikwisha kuwakusanya wanagenzi, wengi wao jamaa zake na watu wa kwao, kama January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah. Hao waliifuata kazi baada yake, wakawafundisha wengine, na hao wengine wakawafundisha wadogo zao. Mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, na hata leo mtu akienda Oyster Bay atawakuta mafundi wamekaa chini, makopo ya rangi yamewazunguka, na picha zimeanikwa kila upande. Jina la mtu limekuwa jina la kazi. Zamani tuliposema "tingatinga" tulimaanisha gari kubwa la kulimia. Sasa ukisema "picha ya tingatinga" kila mtu hapa mjini anakuelewa, hata asiyejua kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo.

Basi, shutuma ya mwenzetu ni ya kweli kwa kadiri ya macho. Tausi ni wengi. Twiga watatu chini ya mti mmoja ni wengi. Mlima Kilimanjaro wenye tembo mbele yake umechorwa mara zisizohesabika. Tena shutuma hiyo ina mtetezi mkubwa kuliko mwenzetu. Elimo Njau, mwenyeji wa Marangu, aliyesoma sanaa Makerere na ambaye mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, alifundisha maisha yake yote ya kuwa kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Neno hilo ni zito kwa watu wa dini. Maana yake, kama nilivyolielewa mimi, ni kwamba Mungu Muumba amempa kila mtu sehemu ya kuumba, na mwenye kuiga anairudisha zawadi hiyo bila kuifungua. Naye hakusema kwa mdomo tu. Katika kanisa la Murang'a nchini Kenya alichora ukutani maisha ya Bwana wetu katika nchi ya Wakikuyu, na Kristo ni Mwafrika. Hakunakili picha za Ulaya zilizokuwa zikitundikwa makanisani. Mtu aliyefanya hivyo ana haki ya kusema alivyosema.

Ni lipi basi la kumjibu? Nasema kwamba tunalitumia neno moja, "kuiga," kwa mambo manne, na Kiswahili kinayatenga mambo hayo manne waziwazi.

La kwanza ni kufuatisha. Mtoto afuatisha herufi alizoandikiwa na mwalimu ubaoni. Mkono wake unapita palipopita mkono wa mkubwa wake. Hapana anayesema kuwa mtoto huyo ni mwizi wa herufi. La pili ni kunakili: kuandika upya jambo lilivyo, neno kwa neno, ili lisipotee au lipate kufika kwa wengi. Mashairi yetu ya zamani yametufikia kwa mikono ya wanakili, na tunawashukuru. La tatu ni kuiga hasa, yaani kushika mwendo wa mwingine, sauti yake au namna yake, na ndani ya neno hilo mara nyingi mna mchezo au dhihaka, kama watoto wamwigavyo mwalimu akiwapa kisogo. La nne ni kughushi: kuchanganya kibaya na kizuri ili kumdanganya mnunuzi, kama atiaye maji katika maziwa. Hilo ndilo dhambi. Katika mambo manne moja tu ni dhambi, na mwenzetu aliyahukumu yote manne kwa hukumu ya la nne.

Tukiyachukua maneno haya kwenda nayo Oyster Bay, tutaona vizuri zaidi. Mwanagenzi aketipo kando ya fundi na kujaza rangi ya nyuma, kisha akapewa kutia vidoa katika manyoya ya ndege, kisha akapewa ndege mzima, huyo yumo katika kufuatisha. Ndivyo walivyojifunza maseremala, wafua fedha, na mafundi wa kushona kofia. Desturi ya pwani ilimtaka mwanafunzi atoe kilemba kwa mwalimu wake alipokwisha kuhitimu, kwa maana elimu ya mkono ni mali ya mtu, nayo hupokewa kwa heshima. Fundi achorapo tausi aliyekwisha kuchorwa na mwalimu wake, naye akaandika jina lake mwenyewe chini, huyo ananakili au anaiga, wala hamdanganyi mtu. Bali aandikaye chini ya picha yake jina la Tingatinga mwenyewe, apate bei ya marehemu, huyo ameghushi. Na jambo hilo limetendeka mara nyingi, hata wanunuzi wa picha za kwanza hawana budi kuwa na hadhari.

Na kubuni? Neno hili twalitumia kwa sifa siku zote, lakini tulitazame. Mtu habuni katika utupu. Mtunzi wa shairi hupokea bahari yake, mizani yake na vina vyake kwa waliomtangulia. Asiyevishika hatuhesabu kuwa amebuni, twamhesabu kuwa hajui. Ndani ya kipimo hicho ndimo ubunifu wake unamoonekana. Mafundi wa Dar es Salaam nao wana mizani yao. Rangi ya nyuma iwe safi. Mstari wa pembeni usitetemeke. Rangi mbili zikutanapo katika ubavu wa mnyama, ziungane kidogo kidogo bila kovu. Vidoa viwe na mpango. Mnyama aujaze ubao wala asibanwe nao. Anayetazama picha mia kwa macho haya ataona ya kuwa tausi mia si tausi mmoja, kama vile mashairi mia ya mizani kumi na sita si shairi moja.

Hata hapa nimemtetea mshtakiwa. Sasa yanipasa kusema ubaya uliopo, kwa kuwa upo, na kuuficha si upendo.

Methali yetu yasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii hushika pale tu ambapo mnunuzi anajua kizuri. Tazama mlango wa Unguja. Fundi aliyechonga nakshi za mlango katika Mji Mkongwe, samaki na mnyororo na waridi, na maandishi ya Kiarabu juu penye kizingiti, alimfanyia mtu aliyekuwa jirani ya milango mingine. Mwenye nyumba alipita mbele ya mlango wa mwenziwe kila siku. Alijua mfaa ulionyoka na mfaa uliokwenda upande. Fundi akiharibu, mtaa mzima ulijua. Tazama pia kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Na mama anayenunua kanga huikunjua dukani, akatazama kama pindo na mji vinapatana, akalisoma jina, akaulizana na shoga yake kama jina hilo lina maana au ni maneno matupu. Mchoraji wa kanga, ajapokuwa mbali, ana waamuzi elfu na elfu wasiomwonea haya.

Mchoraji wa Oyster Bay hana mwamuzi wa namna hiyo. Tangu mwanzo wanunuzi wake wamekuwa wageni: kwanza wazungu wakaao mjini, baadaye watalii, na wapenzi wa picha hizi huko Japani na nchi za Skandinavia. Simlaumu mgeni. Yeye ndiye aliyelipa, na bila yeye kazi hii ingekufa pamoja na mwanzilishi wake. Walakini mgeni wa siku moja hataki picha njema kuliko ile ya jana. Anataka picha ya kuingia katika sanduku lake, yenye wanyama aliokuja kuwaona. Mlima na tembo vinamtosha. Fundi akileta jambo jipya, mgeni haoni upya wake, kwa maana hajui la zamani. Na fundi akipunguza kazi, vidoa vikawa vichache na mstari ukatetemeka, mgeni hatambui, hulipa bei ile ile. Basi kwa nini fundi ajitaabishe? Hapo ndipo methali inapogeuka, na kibaya kikajiuza sawasawa na kizuri.

Ugonjwa wa picha hizi, kwa maoni yangu, ni kukosa mtu wa nyumbani anayeweza kusema, "Hii ni njema, na hii si njema, kwa sababu hii na hii." Mashairi yetu yasingekuwa na vina vilivyonyoka kama pasingekuwa na wasikilizaji wa kucheka kina kilichoanguka. Sisi wenyeji tunapita kando ya vibanda na kusema, "Ni vitu vya wazungu." Kisha tunashangaa kwamba vimekuwa vya wazungu.

Najua ya kuwa wengine katika sisi tuna sababu nyingine ya kukaa mbali, nayo ni hofu ya dini. Wachongaji wa Kimakonde, waliokuja mjini na mpingo wao na ufundi wao, wamechonga mashetani, na umbo hilo limeingia pia katika picha. Mwenye kutaka kulipima jambo hili na akumbuke habari za George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Mwaka 1972 mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. Lilanga aliajiriwa huko kuwa mlinzi, na waliokuwa wakiendesha nyumba ile walipoona mikono yake inavyoweza, wakampa nafasi ya kufanya kazi ya sanaa. Mashetani wake wana matumbo makubwa na masikio ya ajabu. Wanacheza, wanateta, wanabebana, wanaombana vitu, kama majirani wa mtaa mmoja. Mwenye kuyatazama kwa utulivu huona mafumbo ya tabia za watu, kama tuonavyo fisi na sungura katika hadithi. Mtawa yule hakuogopa. Alitazama kwanza, ndipo akaamua. Nasi tungaliweza kufanya vivyo hivyo.

Kuna alama moja ya hatari katika lugha yenyewe, nayo yapasa wenye kupenda maneno waiangalie. Neno "sanaa" kwa wazee lilikuwa neno la heshima: kazi ya mkono iliyofanywa kwa ustadi. Lakini katika mazungumzo ya mjini leo, mtu akisema "huo ni usanii," mara nyingi hamsifu mtu. Anamwambia kuwa ni mwongo, anafanya maneno ya kupendeza yasiyo na kitu ndani. Neno likianguka hivi, limeangushwa na jambo. Watu wameona kazi nyingi za kumpendeza anayelipa, na chache za kusema kweli, wakalipa neno maana waliyoiona. Sisi walimu hatuwezi kulirudisha neno mahali pake kwa kusahihisha madaftari tu. Litarudi pale watu watakapoona tena usanii ulio kweli, na wakawa na macho ya kuutambua.

Na sasa nirudi kwenye tausi aliyeko stoo. Nilimtoa mwaka huu, nikamsimamisha mbele ya dirisha, nikamtazama kwa zile mizani nilizozitaja. Rangi ya nyuma ni ya manjano, nayo ni safi, haina alama ya brashi. Shingo ya ndege imeungana vizuri, kutoka buluu ya giza hata buluu ya alfajiri, na hapo mkono wa mwalimu wake unaonekana. Hicho alikifuatisha, akakipata. Mkia una kasoro: vidoa vya upande wa kushoto vimekwenda kwa safu, vya upande wa kulia vimetawanyika kama mtu aliyechoka au aliyeharakishwa na mnunuzi. Miguu ni miembamba mno kwa mwili ule. Lakini chini, katika pembe ambayo kwa kawaida huachwa tupu, kijana amechora ndoo ndogo na bomba la maji, na bomba hilo nalitambua. Ni bomba la shule yetu, lenye mpini uliopinda, ambalo yeye na wenzake walipangwa kuchota maji kila asubuhi. Sijaliona katika kibanda cho chote. Hilo hakulinakili kwa mtu. Tausi ni wa mwalimu wake, bomba ni lake mwenyewe. Na kama asingalijifunza kwanza kumchora tausi, asingalikuwa na mkono wa kulichora bomba.

Siku ile ya mkutano hapana mmoja wetu aliyeliona, kwa sababu hapana aliyetazama. Tulisema, "Ni tausi yule yule," tukaenda zetu kunywa chai. Hata Elimo Njau, nadhani, angeridhika na bomba lile. Maana alitaka mtu amwamshe Mungu kwa alicho nacho, na kijana huyu alikuwa na bomba.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo matatu, yasiyo na gharama. La kwanza, tuache kulitumia neno "kuiga" kama rungu; tumuulize kila mwanafunzi kama anafuatisha, ananakili, anaiga au anaghushi, na tumhukumu kwa jambo alilolitenda. La pili, walio karibu na Dar es Salaam wawapeleke watoto kwa mafundi, Oyster Bay kwa wachoraji na Mwenge kwa wachongaji. Wasiwapeleke kama watalii. Kila mtoto achague picha mbili za mnyama mmoja, aseme ipi ni bora na kwa nini. Mafundi wenyewe hawatachukia. Nimewasikia wakiambiana kasoro zao kwa ukali kuliko wetu. La tatu, mtu aletapo zawadi ya kazi ya mikono yake shuleni au kanisani, tuitazame kabla ya kuijadili.

Kuhusu picha yetu, nimepeleka ombi jipya kwa walimu wenzangu, na mkutano utakaa mwezi ujao. Sijui wataamua nini. Lakini nimemwandikia kijana barua, nikamsifu kwa shingo ya tausi na kwa bomba, nikamwambia pasipo kumficha habari ya vidoa vya upande wa kulia. Alinijibu kwa mistari miwili. Alisema ya kuwa katika miaka yote ya kuuza picha, mimi ni mtu wa kwanza kumwonyesha kosa lake, na kwamba ataichora tena.